Wapokezi wa Habari ya Sindano

Mwalimu aliyenifundisha dini, Mungu amrehemu, hakuwa na subira na mtu aliyeanza maneno yake kwa "watu wanasema". Ukimfikia na habari ya namna hiyo, hata ikiwa habari ya msiba, alikukatiza: "Watu gani? Nani kakwambia, na huyo kaambiwa na nani, na wa mwisho alikuwepo?" Usipojua, ulirudi ulikotoka. Ndivyo wanazuoni walivyozichuja habari za Mtume, kwa kuwataja wapokezi mmoja baada ya mwingine mpaka kwa yule aliyesikia kwa sikio lake. Mnyororo huo wa wapokezi tunauita sanadi. Pete moja ikiwa mbovu, habari yote inatupwa. Mwalimu aliona kwamba kanuni inayofaa kwa dini inafaa pia kwa bei ya samaki.

Mungu amenipa umri mrefu, namshukuru, na katika umri huo nimefika zama ambazo mtu mzima mwenye ndevu zake anapokea habari kama kinda anavyopokea mdudu: kinywa wazi, macho yamefumbwa. Anameza, kisha anakwenda kumtapikia mwenzake. Ukimuuliza kaipata wapi, anakuona huna adabu.

Mjukuu wangu mkubwa kwa binti yangu ana usonji. Anaishi na wazazi wake Kiongoroni, huko delta alikoolewa binti yangu. Hasemi. Anatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayepita katika nyumba ya waliolala. Wali anakula mweupe, na tone la mchuzi likigusa ukingo wa sahani, sahani nzima imeharibika. Kwenye boti hulaza sikio juu ya ubao akasikiliza mashine toka Nyamisati mpaka kwao, na uso wake wakati huo ni wa mtu anayesomewa jambo zuri. Ukimshika ghafla analia kama kaunguzwa. Lakini ukikaa kimya karibu naye, bila kumkodolea macho, atakuja mwenyewe, atanusa kiganja chako, kisha ataketi. Nimefundisha watoto wa watu muda mrefu hapa Kibiti, nimepewa kanzu na nimekalishwa mbele kwenye hafla, na sijaona heshima iliyozidi hiyo.

Daktari wa hospitali kubwa tulikompeleka alitueleza bila haraka. Mtoto alizaliwa hivyo. Haikuwa laana, haikuwa malezi, haikuwa chakula cha mama yake, wala haikuwa sindano. Jambo hilo la sindano limechunguzwa sana na halikukutwa. Alisema mtoto anahitaji kufundishwa taratibu na watu wasiopiga kelele. Niliona ni maneno ya mtu aliyesoma na anayemcha Mungu, ingawa sikujua dini yake.

Tuliporudi, kila mjinga kati ya Kibiti na bahari alikuwa na habari bora kuliko ya daktari. Mmoja alisema ni jini la mikokoni. Mwingine alisema binti yangu alikula pweza akiwa mjamzito, na pweza, kama ajuavyo kila asiyesoma, hufunga ulimi. Mwanamke mmoja alileta chupa inayonuka mafuta ya taa akataka mtoto apakwe kisogoni. Mimi huandika kombe, yaani aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, mgonjwa akanywa maji yake. Basi wakaniuliza mbona simwandikii mjukuu wangu. Niliwajibu kwamba kombe nawaandikia wagonjwa. Hawakuelewa, nami sikurudia.

Ujinga uliokita mizizi zaidi ulikuwa ule wa sindano. Habari yenyewe ilikuwa hivi: mtoto alikuwa mzima, anaita "baba", hata alipochomwa sindano ya pili ya surua, ile ya mwaka na nusu, ulimi ukafa. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa na mtoto huyo kabla ya sindano hiyo. Tulimwita hakugeuka, tulimpa kitu hakutazama mkono uliompa, wala hatukusikia neno. Nilipomwambia mkwe wangu, alinijibu kwa heshima zote kwamba macho ya wazee yamechoka. Neno la kumgombeza mtu aliyemwoa binti yako huna, na ukiwa nalo humtolei.

Nisimdhulumu. Mkwe wangu ni hodari, haachi sala, analima mpunga na kukata boriti, na binti yangu hajawahi kuja kwangu na kesi yake. Kosa lake ni masikio. Yamekaa kama mlango wa msikiti, anaingia yeyote.

Kisha alizaliwa mjukuu wa kike. Mtoto mnene, mwenye kelele, anayemkamata mtu ndevu na kucheka. Alipokaribia umri wa kuchanjwa surua, surua yenyewe ikaingia katika kitongoji cha ng'ambo ya mkondo, mkabala na kwao. Siku hiyo binti yangu alinipigia simu, sauti ya chini.

"Baba, mkweo kakataa."

"Kakataa nini?"

"Mtoto asichomwe. Boti ya chanjo inakuja zahanati, na yeye kasema kesho tunahamia dungu."

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kukomaa, kaya nzima huhamia huko kuamia ndege, yaani kuwafukuza toka alfajiri mpaka magharibi kwa kelele na kombeo, wasimalize punje. Babu zetu walijenga madungu kuyakwepa maji na nguruwe. Wajukuu wao wameona yanafaa pia kumkwepa muuguzi. Akija na sanduku lake la barafu anakuta milango imefungwa, akiuliza anaambiwa "wako shamba", na kwa kuwa kweli wako shamba, hakuna aliyesema uongo. Huo ndio ucha Mungu wa siku hizi.

"Nakuja," nilimwambia.

"Lakini usiseme nimekupigia."

"Nitasema nimemkumbuka mchumba wangu."

Nilipofika shambani, mchumba wangu alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, na mkwe wangu alikuwa juu ya ngazi ya dungu anafumua kamba ya kombeo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndege hawajambo?"

"Wana nguvu kuliko sisi, baba. Hawa wakisikia kelele wanadhani ni ngoma yao."

Tulikunywa uji. Tulizungumza habari za maji ya chumvi yaliyopanda mashambani. Mjukuu wangu alikuja, akaninusa kiganja, akaketi. Kisha nikamwambia mkwe wangu kwamba nimesikia surua iko ng'ambo, na kwamba mtoto huyu umri wake umefika.

Aliweka kombeo chini. "Baba, nakuheshimu kama aliyenizaa. Lakini mmoja wameshaniharibia. Wa pili siwapi."

"Nani kakwambia kwamba ni sindano iliyomharibu?"

"Jambo hilo linajulikana delta nzima."

"Delta haina mdomo. Nataka mtu."

Alicheka kidogo, akatazama mpunga. Kisha alisema jambo ambalo nilimshukuru kwa kulisema wazi. "Nikwambie kweli, baba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulegea. Yule daktari alinitia shaka. Nikasema labda ni kudura tu. Lakini mwaka huu rafiki yangu mmoja wa ng'ambo, tunakata naye boriti, kaniambia yupo mtoto mwingine, huko mbali, yamemkuta yale yale. Kachomwa, ulimi ukafa. Sasa ni wawili. Wawili si kudura, baba. Wawili ni ushahidi."

"Rafiki yako alimwona mtoto huyo?"

"Aliambiwa."

"Na nani?"

"Hilo sikumuuliza."

Binti yangu alikuwa ameinama juu ya mtoto, hakuinua uso.

Nilimwambia, "Basi tufanye hivi. Nitamwendea rafiki yako, na aliyemwambia yeye, mpaka nimfikie wa mwisho. Nikimkuta huyo mtoto wa pili na mambo ni kama ulivyosema, sitafungua tena mdomo wangu juu ya sindano katika nyumba yako. Lakini nikikuta hayupo, utampeleka huyu."

Alifikiri. Ni mtu wa haki. "Lakini baba, boti ya chanjo ikishaondoka imeondoka. Sitaifuata Kibiti."

"Basi niache nisikae sana."

Rafiki yake huyo alinipokea vizuri, akanitandikia jamvi, akaniita shehe kila baada ya neno. Ndani, nyuma ya pazia, mtoto alikuwa anakohoa kikohozi kikavu kisichokatika. Nilisogeza pazia. Alikuwa binti mdogo, wa umri wa kuanza chuo cha Kurani, ameziba uso kwa kanga kwa sababu mwanga ulimuumiza, na macho yake yalikuwa yameshikana kwa tongo.

"Ana nini huyu?"

"Surua tu, shehe. Surua ya kawaida. Mbona sisi sote tuliugua."

"Sote tulio hai. Wale wengine hawapo hapa kutusimulia."

Alicheka akidhani ni mzaha. Nilimwambia ampeleke zahanati leo leo, macho yale si ya kungoja. Alisema mama yake anamsafisha kwa maziwa ya mwanamke anayenyonyesha. Kisha, mtoto wake akikohoa nyuma yake, alikaa sawasawa akanieleza hatari za sindano.

"Huyo mtoto, shehe, ulimi uligeuka mweusi. Mweusi ti! Kama mkaa wa mkoko."

"Ulimwona?"

"Aliyenieleza ni mtu mzito. Nahodha wa boti ya abiria pale Nyamisati. Yeye anakutana na watu wa kila aina."

Nimekaa na wajinga wengi na Mungu amenijalia subira nao, kwa sababu wengi wao hawakupata wa kuwafundisha. Lakini mtu aliyeketi hatua chache kutoka kwa mtoto anayepofuka, naye anakuonya juu ya kile ambacho kingemkinga, huyo sikujua nimweke fungu gani. Niliomba maji nikanawa mikono, nikaondoka.

Nahodha nilimkuta gatini anafunga tangi la mafuta. Nilimuuliza habari za mtoto mwenye ulimi mweusi.

"Mweusi? Nani kasema mweusi?" Alikasirika kabisa, kama mtu aliyeibiwa. "Watu wa delta hawa! Ukiwapa habari wanaitia nazi. Mimi nilisema ulivimba. Ulivimba ukajaa kinywa, na muuguzi alipoona hivyo akakimbilia Mafia."

"Ulimpeleka wewe?"

"Nani?"

"Huyo muuguzi. Wewe una boti."

Alinitazama. "Alipanda boti nyingine."

"Na wewe nani kakwambia?"

"Yule muuza dawa wa stendi Kibiti, mwenye spika. Yule anajua, mzee wangu. Hata madaktari wanamwogopa."

Habari hiyo ilipotoka stendi ulimi ulikuwa umekufa tu. Ilipofika gatini ulivimba, ulipovuka mkondo ukawa mweusi. Kama delta ingekuwa na kisiwa kimoja zaidi, ungekuwa umeota meno.

Muuza dawa huyo nilikuwa nimempita mara nyingi bila kumtazama, kama unavyopita penye jalala. Ana kitambaa cheupe kilichochorwa mtu aliyefunuliwa matumbo, ana chupa za maji ya rangi ya kutu, na spika inayoropoka toka asubuhi. Dawa yake ni moja na maradhi ni yote: mgongo, presha, kukosa mchumba, kukosa safari, na sumu ya sindano. Hakunijua. Nilikuwa nimevaa shati na koti la safari, na mbele ya watu wa aina yake kila mzee ni mteja.

"Karibu babu! Miguu inawaka moto?"

"Miguu yangu mizima. Nina mjukuu."

"Kachanjwa?"

"Ana kaka yake aliyechanjwa."

"Pole sana, babu yangu. Pole." Alipunguza spika, akaleta uso wake karibu. "Hilo jambo mimi nalijua kwa ushahidi, si kwa maneno ya mitaani. Kuna mtoto wa delta, alikuwa anasema kama kasuku. Anaita baba, anaita mama, anasoma hata fatiha. Kachomwa sindano, kwisha. Sasa anatembea kwa ncha za vidole hivi." Akanyanyuka, akatembea kwa ncha za vidole mbele ya kitambaa chake, na kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu akacheka. "Na kwenye boti analaza sikio kwenye ubao anasikiliza mashetani ya baharini."

"Nani kakwambia hayo?"

"Baba mtoto mwenyewe! Alisimama hapo ulipo wewe. Mkata boriti, kidole hiki cha shahada kimekatika nusu kwa shoka. Alilia, babu. Alichukua chupa mbili."

"Na mtoto hakupona?"

"Angepona! Kisirani ni babu yake, mzaa mama. Ati shehe, anafundisha chuo hapa hapa barabarani. Mbishi kama punda. Kaimwaga dawa."

"Unamjua huyo shehe?"

"Namjua sana. Tumekula naye sahani moja."

Nilitamani kumwambia mengi. Nina maneno ya Kiarabu kwa watu kama yeye, yako kitabuni, yamewekwa tayari tangu zama za kale. Nilimwambia tu, "Ukila naye tena sahani moja, usitazame mkono wake tu, mtazame na uso." Hakuelewa, akanipunguzia bei. Wala mimi sikuwa nimepata kuona chupa hiyo mpaka siku ile. Kama iliwahi kufika Kiongoroni, walioimwaga ni wengine, Mungu awalipe kheri.

Kesho yake nilirudi delta. Boti ya chanjo ilikuwa imefungwa mbele ya zahanati, na wahudumu walikuwa wamesema wanaondoka jioni. Nilikwenda moja kwa moja shambani. Mkwe wangu alikuwa anawatupia ndege udongo, na binti yangu alikuwa juu anakoka moto. Nilipanda ngazi nikawaita wote wawili, kwa sababu sikutaka kulisema mara mbili.

"Nimemkuta mtoto wa pili," nilisema.

Mkwe wangu alifumba macho. "Nilikwambia, baba."

"Anatembea kwa ncha za vidole. Baba yake anakata boriti. Kidole chake cha shahada ni nusu. Babu yake mbishi kama punda."

Alifumbua macho akatazama mkono wake. Nikampa wapokezi mmoja mmoja: rafiki yako aliipata kwa nahodha, nahodha aliipata kwa muuza dawa, muuza dawa aliipata kwako wewe. Ulikwenda stendi ukamlilia, ukaondoka na chupa, naye akabaki na habari yako. Imezunguka delta yote imerudi kwako kwa mlango wa nyuma, nawe hukuitambua kwa sababu walikuwa wameutia rangi ulimi.

Ndege walikuwa wametua mpungani, hakuna aliyewafukuza.

"Kwa hiyo watoto wawili ni mmoja," alisema.

"Ni huyu hapa." Mjukuu wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa dungu, anatikisa mikono taratibu mbele ya mwanga.

Mkwe wangu alimtazama. Kisha akainua kichwa, na lazima niseme nilimheshimu. "Sawa. Nimeshindwa hapo. Lakini huyo mmoja si wa kusimuliwa, baba. Huyo ni wangu. Alikuwa ananiita. Kabla ya sindano alikuwa ananiita baba."

"Ulimsikia?"

"Nilikuwa dago, kambi ya uvuvi kule kusini. Msimu mzima sikurudi."

"Sikuulizi ulikuwa wapi. Ulimsikia kwa sikio lako?"

"Niliambiwa kwenye simu."

"Na nani?"

Aligeuza uso kwa mkewe, nami nikaugeuza wangu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kanuni ya mwalimu wangu haina haya. Haigongi hodi, wala haiulizi nyumba ni ya nani.

Binti yangu aliendelea kupuliza moto uliokwisha kuwaka.

"Mama yake," mkwe wangu alimwita, kwa upole. "Si uliniambia ananiita?"

"Nilikwambia."

"Basi mwambie baba."

Aliacha kupuliza. Alisema akitazama jivu. "Hakuwahi kukuita. Mama yako alikuwa keshasema mtoto ana macho ya mazezeta, na kwamba mazezeta yanatoka kwetu, kwenu hayamo. Alilisema mbele ya watu, kisimani. Wewe ukapiga simu ukauliza, 'Anasema?' Nikasema leo kakuita. Ulifurahi mpaka ukawaambia wenzako, niliwasikia wanakupongeza. Kila ukipiga ukawa unauliza hilo kwanza. Nikaendelea."

"Na sindano?"

"Uliporudi ulimwita mlangoni. Ukamwita, ukamwita. Hakugeuka. Nikaona unanitazama mimi. Alikuwa kachomwa siku chache nyuma, paja lilikuwa bado limevimba. Nikakuonyesha paja."

Mkwe wangu alikaa chini juu ya mbao za dungu. "Hata mara moja?" aliuliza.

"Hata mara moja."

Mimi nilikuwa nimetembea siku zile zote nikiwadharau watu kwa raha, na dharau ina utamu wake, Mungu atusamehe. Wale wa njiani bado nawadharau, nahodha na nazi yake na yule wa stendi kuliko wote. Lakini mpokezi wa kwanza alikuwa binti yangu, niliyemfundisha alifu kwa kijiti, na kwake dharau ilinigomea. Yeye hakusema uongo ili auze chupa. Alisukumwa ukutani na bibi mmoja mwenye ulimi wa kisimani, akachagua kati ya tumbo lake na sindano kipi kibebe lawama. Sindano haina mama wa kuitetea. Huyo bibi, na wote waliosimama na ndoo zao wakasikiliza bila kumwambia nyamaza, ndio waliostahili safari yangu yote, nami niliwapita bila kujua.

"Mwanangu," nilimwambia mkwe wangu, "kwa huyu mtoto hukunyang'anywa chochote. Huyu ndiye uliyepewa, toka siku alipozaliwa nikamwadhinia sikioni."

Alishuka ngazi akasimama katikati ya mpunga, mgongo kwetu, muda wa kutosha ndege kushiba. Binti yangu hakulia. Alimvua mtoto nguo iliyolowa, akakaa nayo mkononi, hajui amvalishe ipi wala kama kuna safari.

Kisha sauti ya mumewe ikaja kutoka chini, kavu. "Mvalishe. Tutachelewa."

Walikwenda kwa mtumbwi, yeye nyuma na pondo la kusukumia, mkewe mbele na mtoto. Sikumuombea binti yangu msamaha kwa mumewe. Deni hilo lilikuwa lao wawili, na nyumba ina miaka mingi ya kulizungumza. Mimi nilibaki na mjukuu wangu kuamia ndege. Ni kazi inayohitaji koo, na koo langu lilikuwa limebaki kwa nahodha na wenzake.

Jua lilikuwa bado juu mama yake mkwe wangu alipokuja kwa njia ya tutani, kikapu kichwani. Alitusalimia, akatazama ndani ya dungu.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wamempeleka mtoto kuchanjwa."

Alitua kikapu. "Mkwe wangu! Wewe mtu mzima, msomi, umekubali? Na kesho akitokea kama huyu?" Alimnyooshea mjukuu wetu kidole, mtoto akiwa hapo hapo, anasikia kila neno.

"Huyu alikuwa hivi kabla ya sindano yoyote. Wala hakutoka kwa mama yake peke yake. Hakuna mtoto wa mtu mmoja. Na dada yake akiwa kama huyu," nilimwambia, "nitashukuru mara mbili. Mtu anayeona haya kwa alichoumba Mungu, ndiye wa kuandikiwa kombe. Ukitaka lako nitakuandikia, bure."

Alibeba kikapu chake akarudi kwa njia ile ile bila kuaga. Mjukuu wangu alinyanyuka ukingoni, akaja, akanusa kiganja changu cha kulia, akaketi. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba bibi yake kaondoka. Kisha tuliwapigia ndege kelele. Mimi kwa koo, yeye kwa kutikisa mikono.